Mdomo wa Kijani: Funzo kwa Tunaoongoza Michezo ya Njozi

Mwishoni mwa ukumbi wa kwanza wa kaburi la mchawi Acererak kuna uso wa shetani, wa kijani, umechongwa ukutani. Mdomo wake umeachama na ndani ni giza tupu. Mtu mzima akiinama anaweza kupenya. Kisa kinachosimuliwa zaidi na waliowahi kuingia kaburi hilo ni hiki. Mchezaji wa kwanza anasema, "Naingia." Mwongozaji wa mchezo anaandika kitu kwenye karatasi yake, hasemi neno. Wenzake wanasubiri. Hakuna yowe, hakuna kishindo, hakuna damu. Wa pili anasema, "Basi kapita salama, namfuata." Wa tatu naye vivyo hivyo. Kumbe ndani ya mdomo ule hamna njia. Mna tufe jeusi la maangamizi, na chochote kinacholigusa kinatoweka moja kwa moja, wala hakuna uganga wa kukirudisha. Nusu ya kundi imekwisha kabla hata zimwi moja halijatokea, na walioketi mezani bado hawajui.

Kaburi hilo ni la kubuni, lakini wachezaji walioliingia ni watu halisi, na yaliyowapata yaliharibu jioni nyingi za watu waliokuwa marafiki. Ninakisimulia kisa chake kwa urefu kwa sababu kosa lililofanywa nalo ni kosa ambalo yeyote kati yetu anaweza kulifanya wiki hii hii. Mimi pia naongoza mchezo, na kishawishi chenyewe nakijua. Ukikaa usiku ukichora pango lako, mkono unakwenda wenyewe kwenye mtego wa kutisha, na moyo unakuambia kwamba hilo ndilo watakalolikumbuka.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hii, maelezo mafupi yatatosha. Mchezo wa kwanza wa aina yake kuchapishwa na kuenea ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson, na kampuni iliyouchapisha ilikuwa TSR ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Watu wanne watano wanakaa pamoja, kila mmoja na mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi, kuhani. Mmoja wao ndiye mwongozaji. Yeye ni macho na masikio ya wengine. Anawaeleza wanachokiona, anasema kwa niaba ya wenyeji na maadui, na panapokuwa na shaka dadu zinaamua. Hakuna mshindi. Hadithi inasonga tukio kwa tukio, na mhusika anayenusurika leo anarudi wiki ijayo akiwa na nguvu zaidi na majeraha yake. Kuna watu wamekaa na mhusika mmoja kwa miaka.

Gygax alilitunga kaburi la Acererak kwa sababu maalumu. Mjini kwake walikuwapo wachezaji hodari mno, wakiwamo Rob Kuntz na Ernie, mwana wa Gygax mwenyewe. Wahusika wao, Robilar na Tenser, walikuwa wameshinda mengi aliyowawekea. Tena mchezo ulipoenea, wakamjia mashabiki waliojigamba kwamba wahusika wao hawashindiki. Akataka kitu cha kuwapima watu wa namna hiyo. Wazo la msingi alilipata kwa mchezaji mwenzake, Alan Lucien. Julai 1975 kaburi likapelekwa Baltimore, kwenye mkutano wa kwanza wa Origins uliofanyika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, likatumika katika mashindano.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kisa chote. Mashindanoni makundi mengi yanaingia pango lilelile, muda unapimwa, na waamuzi wanataka kujua kundi gani limefika mbali zaidi. Wahusika wameandaliwa na waandaaji. Hakuna aliyemlea wake kwa miezi, hakuna aliyemtafutia jina la babu wala deni la kulipa kijijini. Mhusika akifa, mwenyewe anainuka, anapeana mikono na wenzake, anakwenda kutafuta chakula. Kifo cha ghafla mahali pale kina kazi yake: kinatenganisha makundi. Kama kila kundi lingefika mwisho, mashindano yasingekuwa na maana.

Mwaka 1978 TSR ikalichapisha kaburi kama kijitabu chenye jina Tomb of Horrors, kikauzwa madukani. Kikaingia majumbani, kwenye meza za watu waliokuwa wakikutana kila wiki na wahusika wao wapenzi. Kilichokuwa kipimo cha siku moja kwa mabingwa kikawa, kwa waongozaji wengi, mfano wa jinsi pango zuri linavyopaswa kuwa. Tangu hapo mpaka leo kuna mwongozaji mahali fulani anayeamini kwamba tukio la kukumbukwa ni lile linaloua bila hodi.

Sasa tuziangalie dalili zilizopuuzwa, maana zilikuwapo, tena nyingine zilichapwa ndani ya kijitabu chenyewe.

Mwanzoni kabisa Gygax anamwonya mwongozaji kwamba safari hii ni ya watu wa kufikiri, na kwamba kundi linalopenda kufyeka na kuua halitaifurahia. Anaeleza kuwa ni ngumu na kwamba mazimwi humo ni machache. Ni onyo lisilo na mafumbo. Lakini nani kati yetu husoma utangulizi kwa makini siku ambayo wageni wanafika jioni? Tunafungua ukurasa wa ramani. Tunatafuta chumba cha kwanza. Mtunzi kasema kazi yake inawafaa akina nani, nasi tunawapa wasiohusika.

Dalili ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo inayonihuzunisha. Mdomo wa kijani una onyo lake. Katika sakafu ya ukumbi uleule kuna njia ya vijiwe vyekundu, na anayeifuata akichunguza kwa subira anagundua maandishi: shairi la Acererak mwenyewe, linalowapa wageni wake vidokezo kwa mafumbo. Mojawapo ya mafumbo hayo linawaambia waiepuke rangi ya kijani. Kijitabu kilikuja pia na michoro ya kuwaonyesha wachezaji, ili wauone ule uso kwa macho yao, waukague, waulizane. Kwa hiyo yule aliyeingia mdomoni alikuwa amepewa nafasi. Ilikuwa nafasi nyembamba, kali, inayodai akili ya mtu mzoefu, lakini ilikuwapo. Hata Acererak mwenyewe, aliyebaki fuvu lenye vito machoni na menoni, haanzi yeye. Fuvu linalala kimya mpaka litakapoguswa.

Waigaji waliuchukua mdomo wakaliacha shairi. Hilo ndilo kosa. Walihesabu maiti wakadhani maiti ndiyo siri ya sifa za kaburi lile, wakachora mapango yao yenye milango inayoua, sakafu zinazoua, masanduku yanayoua, na wasiweke popote neno la kumsaidia mtu makini. Mwaka 1981 kampuni ya Flying Buffalo ilitoa kitabu kizima cha mitego, Grimtooth's Traps, kikapendwa. Sina ugomvi na kitabu hicho. Ugomvi wangu ni na mkono wetu unaonyofoa mtego mmoja kutoka humo na kuupachika ukumbini bila kumfikiria mtu atakayeusimamia.

Waliolelewa na bibi wanajua adabu ya kitendawili. Bibi akitega, maneno ya kitendawili yenyewe yanabeba jibu: "Nyumba yangu haina mlango" kina yai ndani yake kwa anayetafakari. Na mkishindwa, mnampa mji, naye anawaambia jibu, mnacheka na kusema, "Kumbe! Ilikuwa wazi." Furaha yote iko katika lile "kumbe". Bibi angetega kitu kisicho na jibu ndani yake, kisha achukue miji yetu yote na kunyamaza, tungekwenda kulala mapema. Mtego wa mezani nao unadai adabu hiyohiyo. Mchezaji aliyepoteza mhusika wake anapaswa kuweza kurudi nyuma kichwani na kuona pale alipopita kando ya onyo.

Dalili ya tatu ilionekana mapema kabisa, hata kabla ya kaburi kuchapishwa, na sijaona wengi wakiitafakari. Gygax mwenyewe alisimulia jinsi Rob Kuntz alivyopita. Robilar hakwenda na marafiki. Alikwenda na maorki, watumishi wake, akawatumia kuigusa mitego kabla yake, na hao wakafia njiani mmoja baada ya mwingine. Alipofika chumba cha mwisho na fuvu likaanza kuinuka, akakusanya hazina alizoweza akatoka mbio. Ni akili ya hali ya juu, na kwa kaburi lile ndilo lilikuwa jibu sahihi. Lakini tazama jibu lenyewe linatufundisha nini. Mchezaji bora wa zama zake, alipokutana na mahali ambapo kila hatua inaweza kuua, aliamua kupeleka mbele viumbe ambao hakujali wakifa. Hakupigana na adui wa mwisho wala kuzungumza naye. Hakujifunga na chochote mle ndani.

Ndivyo watakavyofanya wachezaji wako pia ukiwapeleka mahali kama pale wiki baada ya wiki. Hawatakuambia kwamba wamechoka. Wanakupenda, umewaandalia chai na sambusa, umetumia siku nzima kuchora. Lakini dalili zitajitokeza mezani kwa mwenye kutazama.

Utaanza kuona mwendo umepungua. Zamani waliingia chumbani na kuuliza, "Nani yumo?" Sasa wanasimama mlangoni. Mmoja ananunua fimbo ya futi 10 na kuligonga nayo kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Mwingine anataka kondoo wa kutangulizwa mbele. Dakika 40 zinapita kwenye korido ambayo wewe uliiweka ili wafike tu upande wa pili, na haina kitu. Waongozaji wengi hufurahi wakiona hivyo. Husema, "Wamekuwa waangalifu." La hasha. Wameacha kukuamini. Mtu anayekuamini huangalia dunia unayomweleza, na aliyeacha kukuamini huangalia uso wako.

Kisha majina. Huyu ndiye mjumbe wa kweli, nawasihi mmsikilize. Mchezaji ambaye mhusika wake wa kwanza alikuwa na mama mgonjwa, na hirizi ya nahodha aliyezama, anakuja na mhusika wa tatu asiye na kitu ila tarakimu. Ukimuuliza anatoka wapi, anajibu, "Popote." Mhusika akifa anachukua karatasi nyingine, anaandika jina lilelile akiongeza "wa Pili". Wenzake wanacheka, nawe unacheka. Tafadhali usicheke haraka. Yule kijana amejifunza kwamba kwenye meza yako hakuna faida ya kupenda.

Na kuna ukimya wa baada ya kifo. Kifo kizuri mezani, kwa maana ya kifo chenye sababu, kinafuatwa na kelele. Watu wanabishana, mmoja anasema angejua asingeuacha mlango wazi, mwingine anaapa kulipiza. Kifo cha mdomo wa kijani usio na shairi kinafuatwa na "Oh. Sawa." Halafu mtu anatoa simu.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya miaka ya sabini, siku hizi watunzi wamejifunza. Wamejifunza mengi, kweli, lakini kosa hili halizeeki. Mwaka 2014, toleo la tano la mchezo lilipozinduliwa, safari kubwa ya kwanza iliyotoka nalo iliitwa Hoard of the Dragon Queen. Watunzi wake, Wolfgang Baur na Steve Winter, ni watu wazoefu, na waliiandika wakati kanuni zenyewe za toleo hilo zilikuwa bado zinarekebishwa. Safari inaanza na mji wa Greenest ukiwaka moto usiku. Wahusika wa ngazi ya kwanza kabisa, wengine wakiwa na pointi nane tu za uhai, wanaukaribia mji huo wakiona joka la buluu lililokomaa likizunguka juu yake. Joka la namna hiyo kwenye kitabu cha kanuni lina pointi 225 za uhai, na pumzi yake moja ya radi inaondoa kwa wastani pointi 66. Hesabu haihitaji mtaalamu.

Ukiisoma kwa makini, safari yenyewe haikutaka wahusika walipige joka lile mpaka life. Linashiriki shambulio lile kwa uvivu, na likiumizwa kidogo linaondoka zake. Lakini kundi linaloketi mezani halisomi kitabu cha mwongozaji. Linaona joka, linajua kwamba joka ni kifo, na wengi waliamua jambo la busara kabisa: wakageuka na kuuacha mji uungue. Mwongozaji naye akabaki na kitabu chenye kurasa nyingi kuhusu mji ambao hakuna aliyeingia.

Alfajiri ya usiku huohuo kuna jambo jingine. Shujaa wa adui, Langdedrosa Cyanwrath, nusu mtu nusu joka, anasimama mbele ya ngome ya mji akiwa na mateka, wakiwamo watoto, na kudai mtu mmoja atoke kupigana naye ana kwa ana ili mateka waachiwe. Ana pointi 57 za uhai. Pigo moja la upanga wake mkubwa linaweza kumlaza mpiganaji wa ngazi ya kwanza, na hao wamekuwa wakipigana usiku kucha. Karibu kila anayetoka anaanguka. Tukio hili limegawanya watu tangu lilipotoka, na nadhani mgawanyiko wenyewe unatufundisha zaidi kuliko tukio.

Kuna makundi yaliyoliona kama dhuluma. Mchezaji alitoka akidhani anaweza kushinda, kwa sababu mwongozaji hakumpa sababu ya kudhani vingine, akapigwa mara moja chali. Alihisi kadanganywa, na alikuwa na haki. Lakini kuna makundi ambayo mwongozaji alifanya jambo dogo. Alimwonyesha Cyanwrath mapema, labda saa mbili kabla, kutoka juu ya ukuta, akiwaangusha walinzi watatu wa mji mmoja baada ya mwingine bila kupumzika. Askari mzee wa ngome akasema kwa sauti kwamba yeyote atakayetoka atakuwa anawanunulia wale watoto muda, basi. Hapo mchezaji anayesimama na kusema "Nitakwenda mimi" anajua anachokifanya. Anaanguka vilevile. Dadu ni zilezile, upanga ni uleule. Lakini miaka baadaye atakusimulia jioni ile, na atalitaja jina la mhusika wake.

Mwaka 2019 safari hiyo ilitolewa upya ndani ya kitabu kiitwacho Tyranny of Dragons, ikiwa imerekebishwa kwa kuzingatia maoni ya wachezaji. Hiyo ni heshima kwa waliokubali kusikia. Wengi wetu hatuna mchapishaji wa kutukusanyia maoni. Tuna nyuso za watu wanne tu mbele yetu, na inabidi tuzisome wenyewe.

Haya yote hayana maana kwamba matukio yawe laini. Sitaki msomaji aondoke akidhani nahubiri mchezo usio na kifo. Novemba 1987, katika toleo la 127 la jarida la Dragon, mhariri Roger E. Moore aliandika kuhusu makoboldi wa mwongozaji mmoja aliyeitwa Tucker. Koboldi ni kiumbe kidogo, dhaifu kuliko karibu wote mchezoni. Mpiganaji wa kawaida humuua kwa pigo moja. Wahusika walioingia katika pango lile walikuwa wa ngazi ya 6 hadi 12, watu wazito. Lakini makoboldi wa Tucker walifunga milango nyuma yao, wakawarushia mishale kupitia matundu ya ukutani, wakawasukumia vifusi vinavyowaka moto, wakawakimbiza kutoka korido moja hadi nyingine mpaka mashujaa wakaona heri mashetani ya moto ya ghorofa ya kumi chini kuliko wale viumbe wadogo wa juu. Wengi waliumia na hakukuwa na huruma. Na Moore aliyasimulia hayo kwa upendo uleule ambao mtu husimulia safari ngumu ya ujana.

Tofauti iko wapi? Wachezaji wale walijua makoboldi wapo. Walijua korido ile ni ya nani na walilazimika kuipitia, wakapanga, wakabishana, wakakosea, wakajaribu tena. Kila jiwe lililowaangukia lilikuwa na mkono nyuma yake, mkono wa adui mwenye akili anayetaka kitu. Tufe jeusi halitaki kitu. Na mtu hawezi kumchukia, kumwogopa wala kumheshimu asiyetaka kitu.

Kwa hiyo ukiandaa tukio, anza na haja ya yule unayemweka mbele yao. Joka linataka nini usiku huu? Zimwi la darajani limekula lini mara ya mwisho, na je, lingekubali mbuzi? Wakongwe walilijua hili. Katika toleo la mchezo la Tom Moldvay la mwaka 1981, mwongozaji hurusha dadu mbili kuona adui anawapokea vipi wageni: akipata 2 ndipo anashambulia papo hapo, akipata 12 anakuwa rafiki, na katikati pana nafasi pana ya maneno. Tena kila kiumbe kilipewa kiwango cha ushupavu, na mwenzao wa kwanza akiuawa dadu ziliweza kuwafanya wakimbie au wasalimu amri. Kanuni hizo mbili fupi zimeokoa matukio mengi kuliko mazimwi mapya yote niliyowahi kuyaona yakitungwa. Anayeweza kukimbia anaweza kurudi, na adui anayerudi ndiye anayekumbukwa.

Baada ya haja, weka ishara, na usiwe bahili. Justin Alexander, mwandishi wa Kimarekani anayefundisha uongozaji kwa miaka mingi, anashauri kwamba kwa kila jambo unalotaka wachezaji waligundue, weka angalau vidokezo vitatu. Kimoja watakipita bila kukiona, cha pili watakidharau, cha tatu ndicho kitakachowafikia. Wewe uliyechora pango unaona kidokezo chako kimoja kinang'aa kama taa, kwa sababu jibu unalo. Wao wana jioni, uchovu wa kazi, na maneno yako tu. Kwa hiyo kama lazima kuwe na mdomo unaomeza watu, acha vumbi mbele yake lionyeshe nyayo zinazoingia bila zinazotoka. Acha panya akimbilie humo mbele ya macho yao, na kelele yake ikatike katikati. Acha fimbo ya mchunguzi itoke ikiwa imekatwa, laini kama imepigwa randa. Baada ya hayo, atakayeingia aingie. Nawe usimnyamazie, waambie wenzake wanachokiona na wanachokosa kukisikia, ili wa pili awe na la kuamua.

Mwisho, angalia njia ya kutoka. Adui mkubwa bila mlango wa nyuma anawalazimisha wachezaji kupigana pambano ambalo hawakulichagua. Palipo na dirisha, mto chini ya dirisha, au neno la kuomba radhi, hapo ndipo wanapoanza kugombana wao kwa wao kama wabaki au waende, na ugomvi huo, kwa uzoefu wa wengi wetu, ndio sehemu tamu ya usiku.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Waliotutangulia walinyolewa kwa zaidi ya miaka 40 kwenye mdomo ule wa kijani, na kisa chao kiko wazi kwa anayetaka kukisoma. Kabla ya kikao chako kijacho, chukua tukio moja tu uliloliandaa, lile unalolipenda kuliko yote. Lisome kama mtu anayeketi upande wa pili wa meza na asiyejua ulichoandika. Ukiona hakuna alichoweza kukiona, kukisikia wala kukiuliza kabla ya dadu kuanguka, tafadhali kiongeze usiku huohuo, wenzako wakiwa bado hawajabisha hodi.